Safari ya Pwani na Habari za Mafuta Baharini

Kila ikaribiapo likizo ya shule, hutufikia swali moja kwa njia mbalimbali kutoka kwa wazazi wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Jamaa wa nyumba moja wamekusanya akiba mwaka mzima ili wawapeleke watoto wao pwani, na wengi katika watoto hao hawajapata kuiona bahari kwa macho yao. Mara, siku chache kabla ya kuondoka, yaletwa habari katika simu kwamba meli imepasuka baharini na mafuta yaja ufukweni. Pamoja na habari huletwa picha: maji meusi, ndege waliopakaa lami, samaki waliokufa mchangani. Mama asema safari ivunjwe. Baba asema arubuni ya nyumba ya wageni imekwisha kulipwa na haitarudishwa. Watoto walia. Je, waende au wabaki?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna mali ya halali iliyochumwa kwa jasho, mna afya ya watoto, mna ahadi ya wazazi, na mna riziki ya watu wa pwani ambao huwategemea wageni. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze kwa urefu kidogo, nasi twawaomba wasomaji wetu walisome pamoja nyumbani, wazee na vijana.

Kwanza tukumbuke kwamba safari yenyewe siku hizi imekuwa nyepesi. Zamani za babu zetu, kutoka Ugogo hata Bagamoyo ilikuwa ni kazi ya majuma kwa miguu. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 mambo yakapungua uzito, lakini bado msafiri alilala njiani. Tangu tarehe 25 Julai 2024, treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam, na mtu aweza kuswali Alfajiri nyumbani kwake Dodoma na Adhuhuri akaikuta Dar es Salaam. Neema hii imewafungulia mlango watu wa bara ambao hapo zamani bahari waliisikia kwa masimulizi tu. Nasi hatupendi mlango huo ufungwe kwa sababu ya uvumi. Wala hatupendi mtu apite mlangoni akiwa amefumba macho.

Jambo la kwanza, basi, ni kuithibitisha habari. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kwamba tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wengi wetu tunaisoma aya hii tukifikiri kwamba yahusu fitina za watu na watu tu. Lakini picha isiyo na tarehe, isiyo na jina la mahali, wala jina la aliyeipiga, nayo ni habari iliyoletwa na asiyejulikana. Picha ya bahari ya Marekani ya mwaka 2010 yaweza kuzunguka leo ikaitwa Kigamboni, na picha ya Mauritius ya mwaka 2020 ikaitwa Paje. Kijana aliyeipokea na kuisambaza kwa watu 50 kabla hajauliza swali hata moja, ameshiriki katika madhara yatakayofuata.

Mwenye kutaka kuthibitisha aulize maswali manne. Mafuta yamemwagika wapi hasa? Yamemwagika lini? Ni mafuta ya namna gani? Na nani aliyetangaza? Habari isiyoweza kujibu hata moja katika haya haistahili kuivunja safari ya mtu. Upande wa Tanzania Bara, yafaa kusikiliza matangazo ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo limepewa kazi ya usalama wa vyombo vya majini na kuzuia uchafuzi utokanao na meli, na ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Unguja na Pemba kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kenya kuna Mamlaka ya Bahari iliyoundwa mwaka 2004. Baada ya hao, mpigie simu mwenyeji wako wa huko uendako. Usimwulize kama ni salama, maana mwenye nyumba ya wageni hatapenda kumpoteza mgeni. Mwulize kama wavuvi wameingia baharini leo asubuhi, na kama samaki waliuzwa mnadani. Mvuvi ndiye wa kwanza kuyajua mafuta, kwa kuwa nyavu zake huchafuka kabla ya miguu ya mgeni.

Sasa tueleze namna mafuta yanavyokwenda baharini, maana asiyejua jambo hili huogopa kila kitu au haogopi chochote. Mafuta mengi huelea juu ya maji na kusukumwa na vitu viwili: mkondo wa bahari na upepo. Wenye elimu ya jambo hili hukadiria kwamba upepo huyasukuma kwa kiasi cha sehemu 3 katika 100 za mwendo wake wenyewe. Katika pwani yetu mkondo mkubwa huelekea kaskazini, nao hupata nguvu zaidi wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi. Kwa hiyo mafuta yakimwagika karibu na Tanga, si jambo la kutazamiwa kwamba yatarudi kusini mpaka Mtwara. Bali mafuta yakimwagika kusini ya Dar es Salaam wakati wa kusi, watu wa Bagamoyo na wa Unguja wana haki ya kuwa na wasiwasi.

Pia mafuta si ya namna moja. Dizeli ni nyepesi. Sehemu kubwa yake hupotea hewani na majini kwa siku chache, ingawa harufu yake ni kali na huwadhuru viumbe walio karibu. Mafuta mazito yanayoendeshea meli kubwa ni kama lami. Hayo hushika mchanga, miamba na mizizi ya mikoko, na katika mikoko yaweza kukaa miaka mingi. Maji yakijaa wakati wa bamvua huyapandisha juu ufukweni, na yakipwa huyaacha hapo. Ndiyo sababu ufukwe waweza kuwa safi jioni na mchafu asubuhi, na habari ya juzi haitoshi kwa safari ya kesho.

Tuitazame mifano ya kweli. Tarehe 25 Julai 2020, meli kubwa iitwayo Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny, kusini-mashariki ya kisiwa cha Mauritius. Kampuni iliyoikodi ilieleza baadaye kwamba meli ilisogezwa karibu na kisiwa ili mabaharia wapate mawimbi ya simu. Meli ile ilikaa mwambani siku 12 na mafuta yake tumboni, na watu wa pwani ile wakiitazama kila siku. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja, na kiasi cha tani 1,000 zikaingia baharini, penye matumbawe na mikoko. Wenyeji hawakungoja kuambiwa. Wanaume, wanawake na vijana walishona magunia marefu wakayajaza majani makavu ya miwa, wakayaeleza majini yawe boma la kuyazuia mafuta.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hatari iliyokawia si hatari iliyoondoka. Zile siku 12 zilikuwa za kujitayarisha, wala hazikuwa za kupuuza. La pili ni kwamba hatari ya mahali pamoja si hatari ya kila mahali. Kutoka Mauritius hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 2,000 za bahari. Aliyevunja safari ya Bagamoyo kwa ajili ya Wakashio alikimbia kivuli.

Mfano wa pili ni wa Ghuba ya Mexico. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka, wakafa watu 11, na kisima kikatapika chini ya bahari kwa siku 87 mpaka kilipozibwa tarehe 15 Julai. Jambo hili lilitokea karibu na majira ya joto, wakati ambapo jamaa wengi wa Marekani huenda ufukweni na watoto wao. Wengi walivunja safari zao za Florida, hata za visiwa vya kusini ambako mafuta yale hayakufika, na watu wa huko, wenye nyumba za wageni na wenye mashua, walipata hasara kwa ajili ya jina tu. Lakini ufukwe wa Pensacola, ulioko upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilohilo, mafuta yaliufikia kweli mwezi wa Juni. Watu wa jimbo moja, habari moja, mwezi mmoja: kwa huyu kwenda kulikuwa sawa, na kwa yule kulikuwa kosa. Kilichowatenganisha ni kujua mahali.

Mfano wa tatu uko nyumbani kwetu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka Mombasa, na kiasi cha tani 5,000 zikamwagika na kuua mikoko katika hori ya Makupa. Tena mwezi wa Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilivuja katika hori ya Port Reitz, mikoko ikapata pigo la pili. Haya yatuonyesha kwamba jambo hili si la nchi za mbali. Meli za mafuta hupita mbele ya pwani yetu kila siku. Na sisi watu wa bara ya kati tusidhani kwamba tumeepukana nalo, maana bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda mpaka Chongoleani Tanga, limepangwa kupita Singida na mkoa wetu huu wa Dodoma kabla ya kufika baharini. Limebuniwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku. Mwenye hekima hulijua jambo la jirani yake kabla halijamfika mlangoni.

Baada ya kuyajua hayo, rai yetu ni hii: asili ya jambo ni kwamba safari idumu. Mtu akikusudia jambo jema, akalifanyia shauri na akasema inshallah kwa moyo wa kweli, haifai alitangue kwa neno la kwanza la wasiwasi. Lakini inshallah si kifuniko cha uzembe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kumfunga ngamia katika jambo letu ni mambo matatu.

La kwanza, kabla ya kulipa arubuni, uliza kwa maneno yaliyo wazi, tena yaandikwe: ikiwa serikali itaufunga ufukwe, je, fedha itarudi, au siku zitasogezwa mbele? Wenye nyumba wengi hukubali kusogeza siku, kwa kuwa mgeni anayerudi ni bora kuliko ugomvi. Aulizaye kabla ya kulipa hukubaliwa mengi ambayo aulizaye baada ya kulipa hukataliwa.

La pili, wekeni siku ya kukata shauri, mathalan siku mbili kabla ya kuondoka, na kabla ya siku hiyo pasiwe na mashindano nyumbani. Siku hiyo baba na mama wakae, wasome matangazo ya wenye mamlaka, wampigie mwenyeji, kisha waamue. Tulilishuhudia jambo hili mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza mapema habari ya kimbunga Hidaya, na vyombo vya Dar es Salaam na Unguja vikazuiwa kusafiri kabla ya kimbunga kufika. Waliosikia tangazo walibaki salama, na bahari ilipotulia wakasafiri.

La tatu, chagueni mahali pa pili tangu mwanzo. Pwani ni ndefu. Ikiwa Tanga pana shaka, huenda Kilwa hapana. Na ikiwa pwani yote ina shaka, mkoa wetu wenyewe una mambo ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyaona. Kolo, katika Kondoa, iko michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia, na watoto wangapi wa Dodoma wameiona?

Twataja mahali pa pili kwa sababu ya ahadi ya watoto. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu kwamba ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Ikiwa tende moja ina hesabu, sembuse safari iliyoahidiwa mwaka mzima? Mzazi aliyeacha kwenda pwani kwa sababu ya haki, akampeleka mwanawe mahali pengine na kumweleza sababu, ameitunza ahadi. Mzazi aliyesema tu kwamba safari imekufa, kisha akarudi katika shughuli zake, amemfundisha mwanawe kwamba neno la baba huishia lilipoishia.

Ama habari ikithibitika, na wenye mamlaka wakautaja ufukwe uleule mnaokwenda, basi rudini, wala msione haya. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alikuwa njiani kwenda Sham, naye alipofika Sargh akaambiwa kwamba tauni imeingia huko. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kurudi. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari ya Mungu. Tazameni utaratibu wake: alikwenda, akasikia, akashauri, akakata shauri. Hakurudi kwa uvumi, wala hakuendelea kwa ukaidi.

Tena mwenye kuambiwa kwamba ufukwe umechafuka asiende kutazama kama aendaye kutazama ngoma. Mvuke wa mafuta mabichi huumiza kichwa na kifua, na huwadhuru zaidi watoto, waja wazito na wenye pumu. Watazamaji huwazuia wanaosafisha. Mwenye kutaka kusaidia ajiandikishe kwa wanaosimamia kazi, apewe glavu na viatu, na afanye atakaloambiwa.

Na aliyekwenda ufukwe ulio safi, kisha akakuta vipande vidogo vya lami mchangani, asiingiwe na hofu kubwa. Vipande kama hivyo huletwa na bahari kutoka mbali. Watoto wasivichezee. Kikishika mguuni, kipakwe mafuta ya kupikia, kifutwe kwa kitambaa, kisha paoshwe kwa sabuni. Kamwe pasisuguliwe kwa petroli wala mafuta ya taa, maana hayo huiumiza ngozi kuliko lami yenyewe. Lakini mkiona utando juu ya maji au mkisikia harufu kali, tokeni majini nyote na mtoe habari kwa viongozi wa mtaa. Samaki mwenye harufu ya mafuta asiliwe hata akiwa wa bei ndogo.

Tusiwasahau wenyeji. Mama achomaye mihogo ufukweni, kijana wa ngalawa, wanawake wa Paje na Jambiani walimao mwani katika maji mafupi, hawa wote hupata riziki katika msimu. Mgeni akivunja safari kwa picha ya uwongo, huyu mama hukosa ada ya shule ya mwanawe, naye hajui kosa lake. Na mafuta yakifika kweli, huyo mgeni hurudi Dodoma, bali mkulima wa mwani hana pa kurudi. Basi tukiwauliza wenyeji habari za bahari, tuwaulize kama majirani, na siku mambo yakitengemaa tuwe wa kwanza kurudi kwao.

Mwisho, twataka kuwaambia vijana wa Dodoma neno moja. Mto Kinyasungwe huanzia nyanda zetu hizi, na maji yake huingia katika mto Wami, na Wami huingia bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kwa hiyo mafuta machafu ya gari yaliyomwagwa mtaroni, mvua ya Januari ikinyesha, yana njia ya kwenda bahari ileile tunayoiogopea. Katika Suratur Rum tumeelezwa kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, na bara imetajwa kabla ya bahari. Mwenye gereji akiyaweka mafuta yake katika pipa na kuwapa wayakusanyao, ameuhifadhi ufukwe ambao huenda wanawe watauona likizo ijayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama walio safarini, awarudishe salama, na awape wazazi busara ya kukata shauri na watoto subira ya kulipokea. Amin.